Walifungwa 24–4, kesho yake wakawa mabingwa: namna ya kuzisoma fainali za besiboli ya vyuo kule Omaha

SWALI: Mdogo wangu anasoma Baton Rouge, Marekani, na kila ikifika Juni wenzake wanapagawa na besiboli ya vyuo. Ananiambia mwaka 2023 timu ya chuo chao, LSU, ilifungwa 24–4 kwenye fainali, halafu kesho yake ikabeba kombe. Mimi nimezoea mpira wa miguu, na hilo haliniingii akilini. Naomba nieleweshwe mashindano yenyewe yanakwendaje, na mtu aliye mbali afuatilie vipi ili ajue nani ana nafasi na nani anaelekea nyumbani. (Msomaji, Arusha)

JIBU: Dada, mdogo wako hajakosea hata kidogo. Jumapili ya tarehe 25 Juni 2023, Florida iliichapa LSU 24–4. Jumatatu LSU ikashinda 18–4 na kutwaa ubingwa wa taifa. Siri iko kwenye mechi ya Jumamosi, ambayo pengine mdogo wako hakukutajia: LSU ilishinda 4–3 baada ya mchezo kurefushwa. Fainali ni mfululizo wa mechi tatu, na anayetangulia kushinda mbili ndiye bingwa. Sasa jumlisha pointi za siku zote tatu. Florida ilipata 31, LSU 26. Aliyefunga nyingi ndiye aliyerudi nyumbani mikono mitupu.

Sisi tuliolelewa na mechi za nyumbani na ugenini tunajumlisha mabao bila hata kufikiri. Kwenye mashindano haya hakuna kitu hicho katika hatua yoyote. Kufungwa kwa tofauti ya pointi 20 na kufungwa kwa pointi moja ni hasara ileile. Kwa hiyo mechi ikishamtoka kocha mkononi, hana sababu ya kuihangaikia. Anachokilinda ni mikono ya warushaji wake. Ukitaka kujua nani ana nafasi Omaha, acha kwanza kuangalia nani amefunga ngapi, uliza nani amebaki na warushaji gani waliopumzika. Nitakueleza kila hatua kwa jicho hilo, kwa sababu ndilo linalotumiwa na makocha wenyewe.

Mchezo kwa kifupi, ili tuelewane kwa maneno. Kila upande una wachezaji tisa uwanjani. Mrushaji husimama kwenye kichuguu kilicho mita 18.4 kutoka kwa mpigaji na kumrushia mpira. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji. Mpigaji akikosa au akiacha mipira mitatu mizuri, yaani straiki tatu, ametoka. Hiyo ni auti moja. Auti tatu zikitimia, timu zinabadilishana, waliokuwa wakipiga wanakwenda kulinda. Kila upande ukishapiga mara moja, ngwe moja imekwisha. Mechi ina ngwe 9. Mpigaji akiupiga mpira anakimbilia besi, vile vituo vinne vya uwanjani, na akizizunguka zote nne na kurudi alipoanzia, timu yake imepata pointi. Hakuna sare: zikilingana, wanaongeza ngwe moja moja mpaka mmoja azidiwe. Na kwa warushaji hakuna saa ya kuwaokoa. Ngwe haiishi kwa dakika, inaisha kwa auti tatu tu. Mrushaji asipoweza kuzipata, pointi zitaingia kumi na bado ngwe ileile haijafungwa. Hivyo ndivyo matokeo ya 24–4 yanavyozaliwa.

Sasa mikono. Kurusha mpira kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa, mara mia moja katika jioni moja, kunauvuta mkono vibaya sana, hasa bega na ile kano ya ndani ya kiwiko. Kano hiyo ikikatika, mchezaji anafanyiwa upasuaji na kukaa nje mwaka mmoja au zaidi. Kwa hiyo kila kocha anahesabu mirusho. Besiboli ya vyuo ya daraja la juu haina kanuni inayoweka kikomo cha mirusho, lakini kuna mazoea ambayo wote wanayajua. Aliyerusha kati ya 15 na 25 anaweza kurudi kesho yake. Aliyefika 40 hivi anahitaji siku moja au mbili. Aliyefika 70 usimtarajie kabla ya siku tatu. Aliyevuka 90 anatakiwa apumzike siku nne kwa uchache, na katika msimu wa kawaida anapewa wiki nzima, kwa sababu vyuo hucheza zaidi mwisho wa wiki: Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, kila siku na mrushaji wake wa kuanza.

Kwa hiyo timu ya chuo imejengwa juu ya warushaji watatu wa kuanza. Wa Ijumaa ndiye bora, wa Jumamosi anamfuata, wa Jumapili ni wa tatu. Nyuma yao kuna warushaji wa akiba wanaoingia kumalizia ngwe mbili tatu. Timu nyingi zina watatu wanaoaminika na wengine wa kujaribu bahati. Mtu wa nne wa kuanza, anayeweza kusimama dhidi ya timu kubwa na kumaliza ngwe tano au sita, ni adimu, na mashindano yamepangwa kwa namna ambayo timu iliyopoteza mapema italazimika kumtafuta popote alipo.

Mashindano yenyewe yana timu 64, na imekuwa hivyo tangu 1999. Mabingwa wa ligi zao, ambao idadi yao inacheza kwenye 30, wanaingia moja kwa moja. Nafasi zilizobaki zinajazwa na kamati, inayotangaza orodha Jumatatu ya mwisho ya Mei. Kwa miaka mingi kamati imeegemea kipimo kinachoitwa RPI: robo yake ni asilimia ya ushindi wa timu yenyewe, nusu ni ushindi wa wapinzani wake, robo iliyobaki ni ushindi wa wapinzani wa hao wapinzani. Ndiyo maana timu ya ligi ngumu yenye hasara nyingi huingia, na yenye rekodi ya kupendeza katika ligi dhaifu huachwa. Kila mwaka watu hulalamika, na mara nyingi wana hoja.

Hatua ya kwanza ni ya kanda. Timu 64 hugawanywa katika vituo 16, kila kituo timu nne, na kwa kawaida kila kituo kiko nyumbani kwa mojawapo ya timu 16 zilizopangwa juu. Hapo ndipo ilipo kanuni inayowachanganya wageni: mtoano wa kupoteza mara mbili. Ukipoteza mara ya kwanza hutoki, unashuka upande wa waliopoteza. Ukipoteza mara ya pili unafunga mizigo. Asiyepoteza hata mara moja anawasubiri juu, na atakayepanda kutoka chini lazima amfunge mara mbili, maana naye ana haki ya kupoteza mara moja.

Fanya hesabu yake taratibu, kwa sababu humo ndimo mlimo mashindano yote. Timu inayoshinda Ijumaa na Jumamosi inacheza tena Jumapili jioni, na ikishinda hapo imemaliza kwa mechi tatu. Warushaji watatu wa kuanza, kila mmoja siku yake, kama wiki yoyote ya msimu. Timu inayopoteza Ijumaa inatakiwa kushinda Jumamosi, kushinda Jumapili mchana, kushinda tena Jumapili jioni, na kushinda Jumatatu. Mechi tano katika siku nne, na nne za mwisho zote bila kuteleza. Kufikia Jumapili jioni, wale watatu wameshatumika. Atakayesimama kwenye kichuguu ni kijana ambaye msimu mzima alikuwa akiingia ngwe moja moja, mbele ya maelfu ya mashabiki wa mwenyeji, dhidi ya timu ambayo mtu wake wa tatu bado hajagusa mpira. Timu huvuka hapo, lakini zikivuka hufika ng'ambo zimechoka.

Washindi 16 wanaingia hatua ya kanda kuu: jozi nane, kila jozi mechi tatu, anayeshinda mbili anapita. Hapa kuna jambo dogo la kukushangaza. Mechi zote zinapigwa uwanja uleule wa mwenyeji, lakini mechi ya pili mwenyeji anahesabiwa mgeni, kwa hiyo anapiga kwanza. Ukiona timu iko kwao na bado inaanza kupiga, si kosa la ubao. Kupiga mwisho ni faida, kwa kuwa unajua hasa pointi ngapi unazihitaji.

Wanane wanaobaki ndio wanaokwenda Omaha, jimbo la Nebraska, kwenye kile kinachoitwa College World Series. Mashindano yalianza 1947 huko Kalamazoo, Michigan, ambako California iliifunga Yale. Yale ile ilikuwa na George H. W. Bush, rais wa baadaye, akilinda besi ya kwanza. Mwaka 1949 fainali zikapelekwa Wichita, na tangu 1950 hazijaondoka Omaha, isipokuwa 2020 ambapo janga la korona liliyafuta mashindano yote. Uwanja wa zamani, Rosenblatt, ulitumika mpaka 2010. Sasa wanacheza Charles Schwab Field, wenye viti kama 24,000. Mkataba wa mji na waandaaji unafika 2035. Watu wa besiboli ya vyuo hawasemi "tumefika fainali", wanasema "tumefika Omaha", na kila mtu anaelewa.

Omaha timu nane zinagawanywa makundi mawili ya timu nne, na kanuni ni ileile ya kupoteza mara mbili. Tofauti iko kwenye kalenda. Kundi moja linaanza Ijumaa, lingine Jumamosi, na wanapokezana siku. Timu ya Jumamosi isiyopoteza inacheza Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, kisha inasubiri fainali inayoanza Jumamosi inayofuata. Angalia faida yake: mrushaji bora aliyeanza Jumamosi ya kwanza anapumzika wiki nzima na anarudi mzima kuanza fainali. Timu iliyopoteza mara moja inacheza Jumamosi, Jumatatu, Jumanne, Jumatano na, ikibaki hai, Alhamisi. Kisha Jumamosi fainali. Mabingwa wa makundi wakikutana, ya nyuma yote yanafutwa. Wote wanaanza sifuri kwa sifuri katika zile mechi tatu. Mfumo huu wa fainali ya mechi tatu umetumika tangu 2003. Kabla yake, kuanzia 1988, bingwa aliamuliwa kwa mechi moja.

Sasa turudi kwa LSU ya 2023, tuifuate siku kwa siku, kwa sababu ilipita njia ngumu na ikafika.

Jumamosi tarehe 17 Juni waliifunga Tennessee 6–3. Aliyerusha ni Paul Skenes, mrushaji bora wa vyuo mwaka ule, mwenye mpira wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Alirusha mara 123. Jumatatu wakapoteza 3–2 kwa Wake Forest, timu iliyokuwa imepangwa namba moja nchini. Hapo wakawa wameshuka upande wa waliopoteza, Skenes hawezi kurudi kabla ya siku kadhaa, na kesho yake wana mechi ya kufa na kupona. Kocha Jay Johnson akampa mpira Nate Ackenhausen, mrushaji wa akiba ambaye hakuwa ameanza mechi hata moja msimu ule. Akaenda ngwe sita bila kuruhusu pointi, LSU ikashinda 5–0. Watu wanamkumbuka Skenes, lakini nadhani kombe lile lilianzia kwa Ackenhausen. Asingefika mbali jioni ile, warushaji wa akiba wote wangetumika Jumanne na Jumatano pasingebaki mtu.

Jumatano wakaifunga Wake Forest 5–2, wakalazimisha mechi ya Alhamisi. Skenes alikuwa amepumzika siku nne, kiwango cha chini kabisa cha yale mazoea niliyokueleza. Akarusha ngwe nane, mirusho 120. Upande wa pili Rhett Lowder akarusha ngwe saba. Sifuri kwa sifuri. Ngwe ya nane Wake Forest walikuwa na mtu besi ya tatu, mpigaji akaugusa mpira kwa rungu kidogo tu udondoke chini mbele yake, ule ujanja wa kumpa mwenzako nafasi ya kukimbia nyumbani, yaani kwenye besi ya mwisho anaposimama mpigaji. Tre' Morgan, mlinzi wa besi ya kwanza, alikuwa ameshatoka mbio kabla mpira haujatulia. Akauokota na kumrushia mdakaji akiwa anaanguka, na mkimbiaji akaguswa kabla hajafika. Ukitaka kumwonyesha mtu kwa nini besiboli ya pointi chache inasisimua, mwonyeshe sekunde zile nne. Ngwe ya 11 Tommy White akaupiga mpira ukavuka uzio, pigo linalomrudisha nyumbani yeye na mwenzake aliyekuwa kwenye besi, 2–0, na LSU ikaingia fainali.

Florida ilifika fainali bila kupoteza, ila ushindi wake wa mara zote tatu ulikuwa wa pointi moja: 6–5, 5–4, 3–2. Mechi za pointi moja haziruhusu kumpumzisha mtu. Kwa hiyo ilikuwa na siku za kupumzika lakini si mikono mingi ya ziada kama unavyoweza kudhani. Jumamosi Ty Floyd wa LSU akawatoa wapigaji 17 kwa straiki tatu katika ngwe nane, na Cade Beloso akavusha mpira uzio katika ngwe ya 11. Huo ndio ushindi wa 4–3.

Jumapili sasa. LSU inaongoza 1–0 katika mfululizo, Florida inapiga kila kinachokuja, pointi zinaanza kumwagika. Jiweke mahali pa kocha. Thatcher Hurd, mrushaji wako bora aliyebaki na ambaye Alhamisi alimalizia baada ya Skenes, ana mapumziko ya siku mbili kamili. Ukimwingiza leo kuizuia timu ambayo tayari inakuacha mbali, unaweza kupunguza aibu ikawa 14–4 badala ya 24–4, na kesho huna mtu. Johnson hakumgusa. Jumatatu Hurd akaanza, akaruhusu pointi mbili mapema, akatulia na kwenda ngwe sita. Florida ikamwanzisha Jac Caglianone, kijana mwenye kipaji cha ajabu anayerusha na kupiga vilevile. Hakumaliza hata ngwe ya pili. 18–4. Zile 24 za Jumapili hazikuisaidia Florida kitu Jumatatu, bali LSU ilikuwa imetunza mkono mmoja, na huo ukatosha. Wiki mbili hivi baadaye Skenes akachaguliwa wa kwanza kwenda ligi ya kulipwa na mwenzake Dylan Crews wa pili, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa wachezaji wa chuo kimoja.

Ukitaka kuona njia nyepesi inafananaje, tazama LSU hiyohiyo mwaka 2025. Kade Anderson alianza Jumamosi tarehe 14 Juni dhidi ya Arkansas, wakashinda 4–1. Timu haikupoteza tena, kwa hiyo Anderson hakuguswa wiki nzima. Tarehe 21 akaanza fainali dhidi ya Coastal Carolina, timu iliyokuwa imeshinda mechi 26 mfululizo, akarusha ngwe zote tisa bila kuruhusu pointi. LSU ilipata pointi moja katika ngwe ya kwanza, na 1–0 ndiyo ikabaki mpaka mwisho. Kesho yake wakashinda 5–3 na kubeba kombe lao la nane. Katika mechi ile ya kwanza ya fainali Anderson alirusha mara 130. Ushindi ni ushindi, lakini mimi sipendi kuona mkono wa kijana wa miaka 20 ukipelekwa huko, na ningefurahi siku kanuni ikiwekwa ili uamuzi usiachwe kwa kocha anayetaka kombe na mchezaji asiyetaka kutolewa.

Mwaka uleule kulikuwa na funzo la mvua. Juni ni msimu wa radi Nebraska. Radi ikikaribia, uwanja unaondolewa watu na mechi inasimama. Mechi ya LSU na UCLA ya Jumatatu ilikatizwa na kumaliziwa Jumanne. UCLA ikapoteza, na jioni ileile ikalazimika kucheza mechi ya kutolewa dhidi ya Arkansas, ikafungwa 7–3. Arkansas wakati huo walikuwa wametoka kupata zawadi kubwa: Jumatatu mrushaji wao Gage Wood aliwatoa wapigaji 19 wa Murray State kwa straiki tatu bila kuruhusu hata pigo moja safi, akamaliza mechi peke yake, na warushaji wa akiba wote wakabaki wamekaa. Mvua ya saa chache ikawapa Arkansas mpinzani aliyechoka. Kwa hiyo angalia utabiri wa hewa wa Omaha kama unavyoangalia orodha ya wachezaji.

Kuhusu upepo na marungu niseme kidogo, maana mdogo wako atakuambia "siku hizi wanapiga sana". Tangu 2011 marungu ya alumini ya vyuo yanapimwa yasirushe mpira zaidi sana ya rungu la mti. Mwaka huohuo wakahamia uwanja mpya, ambao uzio wake uko mita 102 pembeni na 124 katikati, na upepo wa kusini wa kiangazi huvuma kuelekea kwa mpigaji. Mambo hayo mawili yaliua mapigo makubwa: mwaka 2013 na 2014 ni mipira mitatu tu kila mwaka iliyovuka uzio katika mechi zote za Omaha. Mwaka 2015 ukaletwa mpira wenye mshono uliolala, unaopasua hewa vizuri na kwenda kama mita 6 mbali zaidi, na pointi zikarudi. Upepo bado upo pale pale. Bendera ikipepea kuelekea kichuguu, tarajia mechi ya pointi chache, na mrushaji wa wastani anaweza kuonekana shujaa.

Kufuatilia ukiwa Arusha. Omaha mwezi Juni iko saa nane nyuma yetu. Mechi ya mchana huanza kwa kawaida saa saba za kule, kwetu saa tatu usiku. Ya jioni huanza saa kumi na mbili za kule, kwetu saa nane usiku, tarehe imeshabadilika. Mechi ya fainali ya Jumamosi jioni kwako ni usiku wa manane kuamkia Jumapili. Wengi wanakosea hapo na kuamka mechi imekwisha jana yake. Ratiba ikikuchosha, usikeshe kwa mechi za kwanza. Keshea zile ambazo timu yako ikipoteza inatoka.

Asubuhi fungua jedwali la takwimu la mechi, uruke orodha ya wapigaji na uende kwa warushaji. Safu ya kwanza ni ngwe alizorusha, na huko kuna mtego: 7.2 si saba na sehemu mbili za kumi. Ni ngwe saba kamili na auti mbili, yaani bado auti moja kutimiza nane. Hutaona 7.3 kamwe, inageuka 8.0. Halafu tafuta safu ya mirusho, mara nyingi ya mwisho mwisho. Chukua karatasi, andika jina la kila mrushaji wa timu unayoifuata, idadi ya mirusho na siku. Siku ya tatu utaanza kuona kocha amebakiwa na nani, na mara nyingi utamjua wa kuanza kesho kabla hajatangazwa.

Angalia pia safu ya wapigaji waliopewa besi ya kwanza bure kwa mipira minne mibaya. Mrushaji aliyechoka hapotezi kasi kwanza, anapoteza mahali pa kulenga. Akianza kutoa besi mbili za bure katika ngwe moja, na ikiwa anarusha kwa mara ya pili ndani ya siku tatu, pointi nyingi ziko njiani, na kocha asipomtoa haraka ngwe hiyo inaweza kuwa ya pointi tano sita.

Usiyaamini sana mapangilio ya namba. Tennessee ya 2024 ndiyo namba moja wa kwanza kutwaa kombe tangu Miami ya 1999. Ole Miss, bingwa wa 2022, ilikuwa timu ya mwisho kabisa kuongezwa na kamati. Fresno State mwaka 2008 iliingia ikiwa ya nne, yaani ya mwisho, katika kanda yake, ikamaliza bingwa wa taifa. Rekodi ya makombe ni ya USC, 12, lakini mengi ni ya zamani. LSU na manane yake ndiyo inayowakimbiza.

Kwa hiyo Juni ijayo, ikifika Jumatano ya wiki ya kwanza Omaha, fanya hivi: tazama katika kila kundi nani hajapoteza, kisha angalia mrushaji wake wa mechi ya kwanza ametupa mara ngapi na lini. Asipoguswa Jumatano na timu yake ikashinda, yeye ndiye atakayeanza fainali Jumamosi, na anayekutana naye atahitaji kumaliza kazi Jumapili na Jumatatu. Akiingizwa Jumatano kuokoa mechi, hata kwa mirusho 30 tu, mfululizo huo umefunguka kwa yeyote. Mwulize mdogo wako swali hilo usiku ule, na wenzake wa Baton Rouge watakuwa wanabishana juu yake.